Sura ya Tisa: Barua Rasmi ya Mtumishi Anayerudi Kazini kwa Jina Jipya

Katika sura iliyotangulia umepitia sehemu za barua rasmi: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha barua, kiini na mwisho. Kama bado unababaika kuhusu anwani ipi inakaa kulia na ipi kushoto, rudi huko kwanza. Hapa hatutarudia umbo. Tunashughulika na kiini, mahali ambapo watahiniwa wengi huandika sentensi tatu za heshima kisha wakaishiwa.

Tutachukua swali moja tu na kulifanyia kazi hadi mwisho. Lisome mara mbili.

Swali: Wewe ni Tatu Juma Pambazuko wa S.L.P. 40, Kerenge, Korogwe. Ulikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge kuanzia Machi 2008 hadi Februari 2017, na wakati huo ulitumia jina la Tatu Juma Kazimoto. Baada ya kuolewa ulibadili jina kisheria. Sasa shamba hilo limetangaza nafasi ya karani wa stoo. Mwandikie meneja barua ukiomba kuajiriwa tena, na ukiomba kumbukumbu zako za zamani ziunganishwe na za sasa.

(Majina, anwani na shamba ni vya zoezi. Kwenye mtihani tumia jina ulilopewa na swali, usiandike jina lako.)

Swali linataka nini

Linataka maombi mawili, na neno linaloyaunganisha ni "na". Mtahiniwa mwenye haraka hujibu ombi la kwanza, akaeleza uzoefu wake, uaminifu wake na afya yake njema, akatia saini. Ombi la pili analigusa kwa sentensi moja: "Pia naomba kumbukumbu zangu ziunganishwe." Hiyo ni nusu ya jibu. Meneja akisoma barua hiyo hana njia ya kujua kwamba Kazimoto wa 2008 na Pambazuko wa leo ni mtu mmoja. Kazi ya barua hii ni kumthibitishia hilo. Ukilifahamu jambo hili kabla ya kuanza kuandika, kiini cha barua kitajipanga chenyewe.

Kwa nini jambo hili si dogo

Hebu tupige hesabu. Machi 2008 hadi Februari 2017 ni miaka 9, yaani miezi 108 ya mshahara na ya michango katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Ili mwanachama apate pensheni ya uzee anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180. Tuseme Tatu anaajiriwa tena na anafanya kazi miaka 8 mingine, yaani miezi 96. Jumla ni miezi 204, na sharti limetimia. Lakini karani wa ajira akimwandikisha kama mtu mgeni kabisa, kwa jina jipya na namba mpya ya uanachama, kutakuwa na Kazimoto mwenye miezi 108 na Pambazuko mwenye miezi 96. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika 180. Mama wa watu ametumikia miaka 17, na kwenye karatasi hakuna anayestahili pensheni. Atahangaika ofisi hadi ofisi akiwa mzee, akitafuta ushahidi ambao angeuambatisha kwa dakika tano siku ya kwanza.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yenye jina lake, umri, anwani ya kudumu na jinsia, pamoja na mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo kurekebisha jina ni wajibu, wala Tatu haombi fadhila.

Kifungu hichohicho kinasema mwajiri atayatunza maelezo hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Sasa rudi kwenye swali letu. Tatu aliacha kazi Februari 2017. Miaka mitano iliisha Februari 2022. Akiandika barua mwaka 2025, shamba halilazimiki tena kisheria kuwa na maelezo yake. Labda jalada lipo masijala, labda mchwa wamelimaliza. Mtahiniwa anayeandika "kama mnavyoona kwenye jalada langu" anaegemea ukuta ambao huenda haupo. Mtahiniwa makini anakuja na ushahidi wake mkononi, hasa cheti cha utumishi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Wengi hukitupa, kwa kuwa wanadhani ni karatasi ya kuagana.

Majina yetu hayakai mahali pamoja

Usidhani swali hili ni la ajabu. Ukikaa Kerenge, Magoma au Handeni mwaka mmoja tu utakutana na mtu mmoja mwenye majina manne. Nyumbani ni Mama Fulani. Msikitini au kanisani ana jina lingine. Kadi ya kliniki imeandikwa alivyotamka muuguzi, na kitambulisho kimeandikwa alivyosikia karani. Ramadhani anageuka Ramadhan, Zuhura anakuwa Zuhra, Mohamedi anaandikwa kwa namna tano. Pale ambapo msemaji huchanganya r na l, Halima wa kweli anaweza kuondoka ofisini akiwa Harima. Hili la mwisho ulilisoma kwenye mada ya matamshi na tahajia, na hapa unaona gharama yake.

Kuhusu ndoa, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mumewe. Wanawake wengi wa Kiislamu hapa Tanga hubaki na majina ya baba zao maisha yote. Kwa hiyo kwenye barua usiandike "nimebadili jina kwa sababu nimeolewa" kana kwamba ndoa yenyewe hubadilisha jina. Kinachobadili jina kisheria ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Cheti cha ndoa kinaeleza sababu tu.

Tatizo hili ni la zamani katika mashamba ya mkonge. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yakaenea kutoka Tanga kufuata reli hadi Korogwe na zaidi. Wafanyakazi waliletwa kutoka mikoa ya mbali, na kwa kuwa waandikishaji hawakuweza au hawakujali kuandika majina yao, kila mmoja alipewa namba. Ndipo likazaliwa neno manamba. (Mada ya uundaji wa maneno: namba ni neno la kutoholewa, na limeongezewa kiambishi ma-. Ukiulizwa mfano wa neno lililobeba historia, hili ni zuri.) Mfanyakazi wa kulipwa kwa siku alikuwa na kipande, kadi iliyowekwa alama kila alipomaliza kazi ya siku, hadi zitimie siku 30. Kenya kipande kilikuwa kikali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilibeba alama za vidole, kwa sababu mtoro aliweza kubadili jina akaajiriwa shamba la pili, lakini vidole hakuweza kuvibadili. Mkoloni alilitatua tatizo la majina kwa kumfanya mtu awe namba. Sisi leo tunahitaji namba na jina vyote viwili, na tunahitaji vikubaliane.

Namba ya utambulisho wa taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Jina likibadilika, namba haibadiliki. Hicho ndicho kigingi cha kufungia kamba unapoandika barua hii: taja kilichobadilika, kisha taja ambavyo havikubadilika.

Kitenzi kimoja, historia tatu

Hapa sarufi inakutana na utungaji. Tazama sentensi hizi:

Nimebadili jina langu.
Jina langu limekosewa.
Jina langu limebadilika.

Ya kwanza iko katika kauli ya kutenda. Mtendaji ni mimi, na msomaji atauliza hati yangu ya kubadili jina iko wapi. Ya pili inatokana na kosa, kosea, kosewa. Mtendaji ni mtu mwingine aliyeandika vibaya, na msomaji atatarajia hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, ikisema kwamba Zuhura na Zuhra ni mtu mmoja. Ya tatu iko katika kauli ya kutendeka, na imeficha mtendaji. Limebadilika vipi? Lenyewe? Katika barua ya kirafiki haina neno. Katika barua rasmi inaleta shaka, na shaka ndiyo inayofanya barua ikae kwenye trei ya "subiri".

Shaka hiyo ina sababu. Aprili 2017 Serikali ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu uhakiki ule, ofisi za serikali na hata za watu binafsi huangalia kwa makini sana jina la cheti likitofautiana na jina la mwombaji. Mtu aliyebadili jina kihalali anaingia mlango uleule aliopitia mdanganyifu, na kinachowatofautisha ni maelezo yaliyo wazi na hati zilizoambatishwa.

Kurudishwa na kuajiriwa tena

Watahiniwa wengi wataandika "naomba kurudishwa kazini". Katika lugha ya mtaani ni sawa. Katika lugha ya sheria za kazi, mtu hurudishwa kazini pale alipoachishwa isivyo haki, na akirudishwa huhesabiwa kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mishahara ya kipindi alichokaa nje anaidai. Kuajiriwa tena ni kuingia mkataba mwingine. Kifungu cha 40 cha sheria ile ya 2004 kinayataja mambo haya mawili mbalimbali, miongoni mwa nafuu anazoweza kupewa aliyeachishwa bila haki.

Tatu hakuachishwa. Aliacha mwenyewe. Akiandika "kurudishwa", meneja anaweza kudhani kuna madai ya miaka minane yanakuja nyuma ya barua. Kwa hiyo aandike "kuajiriwa tena", na ni busara aseme wazi kwamba hadai malipo ya kipindi ambacho hakuwepo.

Barua ya mfano

S.L.P. 40,
KERENGE, KOROGWE.
12 Mei 2025.

Meneja,
Shamba la Mkonge,
S.L.P. 15,
KOROGWE.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KUAJIRIWA TENA KAZI YA KARANI WA STOO NA KUUNGANISHIWA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI

Ninaomba kazi ya karani wa stoo iliyotangazwa kwenye ubao wa matangazo wa shamba tarehe 5 Mei 2025. Kazi hii niliwahi kuifanya hapa shambani kuanzia tarehe 1 Machi 2008 hadi tarehe 28 Februari 2017, nilipoacha kwa kutoa taarifa ya maandishi ili nikamuuguze mzazi wangu.

Wakati huo niliandikishwa kwa jina la Tatu Juma Kazimoto. Mwaka 2019, baada ya kuolewa, nilibadili jina kwa hati iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na sasa ninaitwa Tatu Juma Pambazuko. Nilichobadili ni jina la tatu peke yake. Tarehe yangu ya kuzaliwa na namba yangu ya uanachama wa NSSF ni zilezile zilizoandikwa nilipoajiriwa mara ya kwanza, na namba yangu ya utambulisho wa taifa inaonekana kwenye nakala ya kitambulisho niliyoambatisha.

Ninatambua kwamba nikipata nafasi hii itakuwa ajira mpya, hivyo sidai malipo ya kipindi ambacho sikuwa kazini. Ninaomba jina langu la sasa litumike kwenye mkataba na kwenye orodha ya mishahara. Aidha, ninaomba jalada langu la zamani, kama bado lipo, liunganishwe na la sasa, na michango yangu iendelee kuwasilishwa NSSF kwa namba ileile.

Naambatisha nakala za cheti cha utumishi nilichopewa mwaka 2017, hati ya malipo ya mshahara wa mwisho yenye jina la zamani, hati ya kubadili jina, cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa. Hati halisi nitakuja nazo siku nitakayoitwa.

Wako mtiifu,

(saini)
Tatu Juma Pambazuko
(zamani Tatu Juma Kazimoto)

Tuiangalie kidogo. Kichwa kimebeba maombi yote mawili, kwa hiyo hata anayefungua barua na kuipeleka kwa mhusika anajua iende kwa nani. Sentensi ya kwanza imeingia kazini moja kwa moja. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haikuandikwa popote. Ni mazoea ya maofisini yasiyoongeza lolote, na mimi nashauri uachane nayo. Aya ya pili ndiyo moyo wa barua: jina la zamani, jina la sasa, lini, kwa hati gani, kilichobadilika, kisichobadilika. Viambatisho vimepangwa kwa makusudi. Vile vya jina la zamani vimetangulia, hati ya kubadili jina iko katikati kama daraja, na vya jina la sasa vimefuata. Msomaji anavuka kutoka Kazimoto kwenda Pambazuko bila kuruka.

Ona pia ambayo Tatu hakuyasema. Hakutaja jina la mumewe wala dini yake, na hakueleza mzazi aliugua nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kadiri ya shughuli inayohusika na ziwe sahihi. Mwandishi naye afuate kipimo hicho. Watahiniwa wengine hudhani barua ndefu ya majonzi humlainisha meneja. Humchosha.

Upande wa pili wa meza

Swali linaweza kukugeuza ukawa ofisa utumishi. Barua imekufikia, na unatakiwa kumwandikia meneja dokezo. Dokezo ni maandishi mafupi ya ndani ya ofisi; halina anwani za posta wala salamu ndefu. Hili ni la mfano:

DOKEZO

Kwa: Meneja
Kutoka: Ofisa Utumishi
Tarehe: 16 Mei 2025

YAH: KUMBUKUMBU ZA TATU JUMA PAMBAZUKO (ZAMANI KAZIMOTO)

Jalada la Tatu Juma Kazimoto limepatikana masijala, ingawa muda wa kisheria wa kulitunza umekwisha. Nimelinganisha tarehe ya kuzaliwa, picha, saini na namba ya NSSF na hati halisi alizoleta leo. Vinakubaliana. Hati ya kubadili jina ina muhuri wa Msajili wa Hati.

Endapo ataajiriwa, napendekeza asifunguliwe jalada la mtu mpya. Jalada la zamani liendelee, juu yake liandikwe jina la sasa na chini yake jina la zamani. Nyaraka za 2008 hadi 2017 zibaki kama zilivyo. Tarehe ya kuanza ajira ya sasa iandikwe peke yake, isichanganywe na ile ya 2008. NSSF waandikiwe ili wabadilishe jina kwenye namba ileile.

Naomba uamuzi wako.

Sentensi inayowashangaza wanafunzi ni ile ya kuacha nyaraka za zamani kama zilivyo. Kwa nini tusichukue kalamu nyekundu tukasahihisha "Kazimoto" kuwa "Pambazuko" kila mahali? Kwa sababu fomu ya likizo ya mwaka 2010 ilitiwa saini na mtu aliyeitwa Kazimoto siku hiyo. Ukiibadilisha leo, unakuwa na karatasi ya 2010 yenye jina lililopatikana 2019, na mkaguzi akiiona ana haki ya kuuliza nani ameichezea. Karani aliyetaka kusaidia anageuza ushahidi mzuri kuwa karatasi ya kutiliwa shaka. Jina la zamani haliaibishi jalada. Ndilo linaloshikilia miezi 108.

Kinyume chake nako kuna hatari: kuendelea kutumia jina la zamani kwenye mkataba mpya kwa kuwa "ndilo tulilozoea". Mshahara utakataliwa benki, kwa sababu akaunti ina jina la sasa. Kila karatasi ibebe jina la siku yake, na juu ya jalada yakae majina yote mawili.

Tarehe ya kuzaliwa ni habari nyingine. Jina likibadilika, hati moja inatosha kueleza. Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kubadilishwa kwa hiari, kwa kuwa mtu hazaliwi mara mbili. Inaweza tu kuwa iliandikwa kimakosa. Tena ndiyo inayopanga siku ya kustaafu, kwa hiyo ofisi huichunguza kwa ukali zaidi. Ukikutana na swali la namna hiyo, kitenzi chako ni "imekosewa", na ushahidi wako wa kwanza ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA.

Jina lako wewe

Mwaka huu jina lako linaandikwa mahali ambapo halitafutika kirahisi. Cheti cha kidato cha nne hubaki na jina ulilofanyia mtihani. Hakifuati ndoa wala mazoea ya mtaani. Orodha ya usajili ikibandikwa shuleni, simama mbele yake ukiwa na cheti chako cha kuzaliwa mkononi, ulinganishe herufi kwa herufi: majina matatu, mpangilio wake, na kama ni -dhani au -dhan. Ukiona tofauti, mwone mwalimu anayeshughulikia usajili siku hiyohiyo, kabla orodha haijapelekwa Baraza la Mitihani. Usione haya. Mwenzako anayesema "watarekebisha tu" hatakuwepo miaka 10 ijayo utakapokuwa unaandika barua ya kueleza kwamba Asha wa cheti na Aisha wa kitambulisho ni mtu mmoja.

Namba yako ya mtahiniwa nayo iandike mahali salama. Ina namba ya shule, namba yako na mwaka wa mtihani, na ndiyo itakayotumika kukutafuta pale majina yatakapogongana.

Maswali ya kujipima

1. Sahihisha kichwa hiki cha barua, kisha eleza kwa nini kina kasoro: "YAH: KUHUSU JINA LANGU". (Dokezo la jibu: "Yah" ni ufupisho wa "yahusu", kwa hiyo "kuhusu" imejirudia bure, tena kichwa hakisemi mwandishi anaomba nini.)

2. Eleza tofauti ya maana kati ya "Jina limekosewa" na "Jina limebadilika", ukitaja kauli ya kila kitenzi na hati ambayo msomaji wa barua ataitarajia.

3. Mwombaji ameandika: "Naomba kurudishwa kazini kwa kuwa niliacha kazi mwenyewe mwaka 2019." Neno gani halikubaliani na maelezo yake? Iandike upya sentensi.

4. Wewe ni Salehe Bakari Tumaini wa S.L.P. 22, Handeni. Uliwahi kuwa mlinzi wa shule kuanzia 2011 hadi 2015. Kwenye mkataba wako wa zamani jina liliandikwa Swalehe Bakari, bila jina la tatu, na mwaka wa kuzaliwa uliandikwa 1984 badala ya 1986. Mwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba kuajiriwa tena. (Dokezo la jibu: kuna makosa mawili ya aina tofauti, na kila moja lina ushahidi wake. Angalia pia miaka: jalada linaweza kuwa halipo. Na kumbuka kusahihisha mwaka wa kuzaliwa kunasogeza mbele siku ya kustaafu, kwa hiyo usiufiche katikati ya aya. Upe sentensi yake.)

5. Kama ofisa utumishi, andika dokezo la kumshauri mkuu wa shule kuhusu barua ya Salehe. Cheti cha utumishi hana. Taja vitu viwili ambavyo ungemwomba alete kabla hujapendekeza lolote.